Kipaji cha Kijana Si Mali ya Mlezi Wake

Kijana maskini mwenye kipaji huhitaji mtu wa kumwonyesha njia. Lakini yule anayeonyesha njia aweza pia kuigeuza kuwa mahali pa kutoza ushuru. Tunalisema hili tukiukumbuka mkasa wa Albert Means wa mji wa Memphis, Marekani, ambao hata leo una mengi ya kutufunza.

Means alikuwa mwanafunzi wa shule ya sekondari ya Trezevant na mchezaji hodari wa ulinzi katika futiboli ya Kimarekani. Vyuo vikuu vingi vilimtaka, naye mwaka 2000 akajiunga na Chuo Kikuu cha Alabama. Januari 2001 kocha msaidizi wa shule yake alitangaza hadharani kwamba kijana huyo alikuwa ameuzwa. Kocha mkuu, Lynn Lang, alikiri kosa mahakamani mwaka 2002, na baadaye akatoa ushahidi kwamba alilipwa dola 150,000 na Logan Young, tajiri aliyekuwa mpenzi wa timu ya Alabama, ili ampeleke kijana huko. Young alikana, lakini mwaka 2005 alipatikana na hatia. Alifariki mwaka 2006 kabla rufaa yake haijaamuliwa.

Basi tujiulize: ni nani aliyedhulumiwa? Mwaka 2002 NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo nchini humo, kilikiadhibu chuo hicho kwa makosa hayo pamoja na mengine. Timu ilizuiwa kwa miaka 2 kucheza michezo ya heshima ya mwisho wa msimu, ikawekwa chini ya uangalizi kwa miaka 5, na kunyang'anywa nafasi 21 za ufadhili wa masomo. Tutafakari juu ya nafasi hizo 21. Kila moja ingeweza kumsomesha kijana ambaye hakupokea wala kutoa hata senti. Hivyo mzigo wa kosa la watu wazima ukawaangukia vijana wengine. Naye Means akahamia Chuo Kikuu cha Memphis, akacheza huko, huku jina lake likibaki limefungamana na fedha ambazo bei yake ilipangwa na wengine.

Wapo wanaosema kwamba tatizo hilo limekwisha. Ni kweli kwamba tangu Julai 2021 wachezaji wa vyuo wameruhusiwa kujipatia kipato kwa majina na picha zao, na Juni 2025 mahakama iliidhinisha makubaliano yanayoviruhusu vyuo kuwalipa moja kwa moja. Tunayapokea mabadiliko hayo kwa furaha, kwa kuwa si haki mtu atoe jasho lake na wengine wavune peke yao. Hata hivyo, malipo halali hayamwondoi dalali. Yaweza hata kumwongezea tamaa, maana sasa fedha ni nyingi na hazifichwi. Ubaya wa mkasa wa Memphis haukuwa fedha peke yake. Ulikuwa kwamba mtu aliyeaminiwa kumwongoza kijana alifanya uongozi huo kuwa biashara, na uamuzi wa maisha ya mwingine ukauzwa.

Kwa hiyo, viongozi wa walei na wazazi wenzetu, hatuna budi kukesha popote kijana anapoahidiwa shule au timu kwa sababu ya kipaji chake. Tumwulize kijana mwenyewe anataka nini. Tudai makubaliano yaandikwe na yasomwe mbele ya wazazi wake. Tumwulize kocha au mfadhili bila haya: wewe wapata nini katika jambo hili? Mlezi mwema hatachukizwa na swali hilo. Anayelikasirikia, tusimkabidhi mtoto.