Nani Ashike Funguo za Nyumba za Umma?



Siku ya soko hapa Katito, ukisimama penye njia panda utaona matatu zikijaa watu wanaoelekea Kisumu kwa njia ya Ahero. Juu ya paa hufungwa godoro, sufuria na sanduku la bati. Ni kijana aliyemaliza shule, au mama aliyeachwa na mume, au fundi aliyesikia kuwa kuna kazi mjini. Atapanga chumba kimoja Nyalenda, Manyatta au Obunga, na mwisho wa mwezi sehemu kubwa ya jasho lake itaishia mkononi mwa mwenye nyumba. Kwa hiyo mtu asituulize sisi wa Nyakach nyumba za mji zinatuhusu nini. Wanaolala humo ni watoto wetu.

Ziko sababu nyingine tena. Tangu 2023 mishahara imekatwa ushuru wa nyumba wa asilimia 1.5. Mahakama Kuu iliutangaza kuwa kinyume cha Katiba tarehe 28 Novemba 2023. Ukarejeshwa kwa Sheria ya Nyumba za Bei Nafuu iliyotiwa saini tarehe 19 Machi 2024. Mwalimu anayepata shilingi 40,000 hukatwa shilingi 600 kila mwezi, na mwajiri wake huongeza 600 nyingine. Kwa mwaka ni shilingi 14,400 kwa jina la mtu mmoja, naye huenda asiingie katika nyumba hizo hata kwa kutembea. Mtu aliyelipa ana haki ya kuuliza. Nasi tunauliza swali moja: Ni nani anayeshika funguo, na ni nani aliyemkabidhi?

Tunasema haya kwa sababu katika nchi yetu uongozi wa mashirika ya umma umezoeleka kuwa zawadi. Aliyeshindwa uchaguzi hufutwa machozi kwa uenyekiti. Aliyechangia kampeni hulipwa kwa kiti cha bodi. Sheria ya Mashirika ya Serikali ya 1986 iliweka uteuzi wa mwenyekiti wa shirika mkononi mwa Rais, na kutoka hapo desturi ikashuka ngazi kwa ngazi mpaka kwenye ofisi ya mwisho. Shirika la Taifa la Nyumba, lililozaliwa 1967 kutokana na Bodi Kuu ya Nyumba ya 1953, lilikusudiwa kuyakopesha mabaraza ya miji fedha ili yawajengee wananchi. Kusudi lilikuwa jema. Lakini kusudi jema likikabidhiwa mtu asiyewajibika kwa yeyote ila aliyemteua, huoza kama samaki aliyesahauliwa juani.

Tukumbuke tulikotoka. Mwaka 1983 Serikali iliwaondoa madiwani wa Nairobi na kuweka Tume ya Jiji ya watu wa kuteuliwa. Kwa miaka tisa wakaazi wa mji mkuu hawakuwa na diwani wala meya waliyemchagua. Mei 1990 askari wa Tume hiyo waliingia katika kijiji cha mabanda cha Muoroto na kukibomoa. Watu waliokuwa wamelala penye paa waliamkia uwanjani, makabiliano yakazuka, na viongozi wa kanisa wakalaani kitendo hicho waziwazi. Mwezi huo huo, tarehe 3, Kenneth Matiba na Charles Rubia walikuwa wametoka hadharani kudai vyama vingi. Huyo Rubia ndiye aliyekuwa meya wa kwanza Mwafrika wa Nairobi. Alijua mji unaoongozwa na waliochaguliwa ukoje, na aliuona ukiongozwa na walioteuliwa. Julai ikaja Saba Saba, Desemba 1991 kifungu cha 2A kikafutwa, na uchaguzi wa 1992 ukawarudisha madiwani.

Kwa hiyo nyumba na mageuzi havikukutana njiani kwa bahati. Mtu anayeweza kuvunjiwa nyumba bila kuulizwa hawezi kuwa raia huru, hata akipewa karatasi ya kura kila baada ya miaka mitano.

Lakini tuseme kweli hata inapotuuma. Kufutwa kwa chama kimoja hakukufuta ulafi. Tume ya Ndung'u iliyoundwa 2003 ilieleza katika ripoti yake ya 2004 jinsi ardhi na nyumba za umma zilivyogawiwa kinyume cha sheria, na kwamba ugawaji huo ulishamiri hasa nyakati za uchaguzi: 1992, 1997 na 2002. Maana yake ni kwamba tulipokuwa barabarani tukiimba mageuzi, kalamu ofisini zilikuwa zikiandika hati. Vyama vikawa vingi, na walaji nao wakawa wengi. Tulibadili mlango wa mbele, mlango wa nyuma tukauacha wazi.

Mlango huo wa nyuma hufunguliwaje? Haihitaji elimu kubwa kueleza. Baraza hujenga nyumba kwa mkopo. Kodi huwekwa ndogo, jambo ambalo ni zuri, kisha haiguswi kwa miongo mingi. Kodi ile ndogo haitoshi kulipa mkopo wala kutengeneza bomba, na hiyo hiyo iliyopo haifiki penye bomba. Paa huvuja, choo huziba, ukuta hupasuka. Wakati huo tofauti kati ya kodi ya baraza na kodi ya soko imekuwa kubwa mno, na tofauti hiyo ni fedha inayotafuta mwenyewe. Mpangaji wa kwanza huhama, lakini jina lake hubaki katika daftari. Anayelala ndani ni mtu mwingine, naye humlipa yule wa daftari mara tatu au nne. Karani anajua. Mkubwa wa karani anajua. Kila mmoja ana fungu lake, na ndiyo maana hakuna anayetaka daftari lisafishwe. Nyumba ikichakaa kabisa, watu walewale husema: "Tazameni, hizi ni magofu, zibomolewe, tumpe mwekezaji." Mwanzo wa ugofu ni wao, na faida ya ugofu ni yao.

Kisumu imelionja hili. Mtaa wa Makasembo ulikuwa na nyumba kongwe zilizorithiwa kutoka kwa baraza la manispaa. Chini ya serikali ya kaunti zilivunjwa ili kupisha majengo mapya kwa ushirikiano na mfuko wa pensheni wa wafanyakazi wa serikali za mitaa. Hatupingi majengo mapya. Hakuna mwenye akili anayetetea paa linalovuja. Tunachokataa ni desturi ya kumwambia mpangaji "utarudi" bila kumpa maandishi yanayosema atarudi lini, chumba gani, kwa kodi gani. Februari 2021 huko Kibos ilikuwa mbaya zaidi: nyumba za Wanubi waliokaa pale kwa vizazi kadhaa zilibomolewa usiku, zikidaiwa kuwa juu ya ardhi ya Shirika la Reli. Ni mwezi mmoja tu kabla yake, tarehe 11 Januari 2021, Mahakama ya Juu ilipokuwa imeamua katika kesi ya wakaazi wa Mitumba kwamba hata anayekaa juu ya ardhi ya umma anayo haki ya makao inayolindwa. Kifungu cha 43 cha Katiba ya 2010 kilikuwa kimeandikwa, hakimu wa juu kabisa alikuwa ametamka, na tingatinga likapita vilevile. Sheria isiyo na kiongozi wa kuiheshimu ni maandishi juu ya maji ya ziwa.

Wapo wanaotujibu kwamba Mjaluo ana dala yake, na kwamba nyumba ya mjini ni mahali pa kulala tu. Hoja hii tunaijua, na tunajua ilikotoka. Ndivyo alivyosema mkoloni: Mwafrika ni mpita njia mjini, kwao ni shambani, basi apewe nafasi ya kitanda, wala si nyumba ya kuweka mke na watoto. Leo maneno yaleyale hutoka vinywani mwa watu wenye nyumba mbili Milimani na moja Nairobi. Ni kweli kijana wetu hujenga simba katika boma la baba yake, na hatutaki desturi hiyo ife. Lakini simba hailindi mtoto anayesoma Manyatta kando ya mtaro wa maji machafu. Nyumba usiyolala hujui ila yake.

Wengine hutuambia kwamba kazi hii ni ya wataalamu, siasa zikae mbali. Tunakubali nusu. Tazameni Singapore. Bodi yao ya nyumba iliundwa 1960, na mwenyekiti wake wa kwanza, Lim Kim San, alikuwa mfanyabiashara aliyeifanya kazi hiyo bila mshahara. Moto wa Bukit Ho Swee wa Mei 1961 ulipowaacha watu wapatao 16,000 bila makao, bodi iliwajengea upya palepale, na baadaye zaidi ya wananchi wanane katika kila kumi wakaishi katika nyumba zake. Hatuisifu nchi ile kwa demokrasia yake. Chama kimoja kimeitawala tangu 1959. Tunachojifunza kwao ni kwamba kiongozi wa nyumba hupimwa kwa nyumba. Tunachoongeza sisi, kwa sababu tumeumwa na nyoka, ni kwamba utaalamu usiohojiwa nao hugeuka ufalme. Mkandarasi anaweza kuwa mtaalamu, na mwizi vilevile.

Basi tunadai nini?

Kwanza, nafasi ya kuongoza nyumba za umma Kisumu, na kila chombo kitakachokabidhiwa nyumba zinazojengwa kwa ushuru wetu, itangazwe, na waombaji wahojiwe hadharani. Tusikie wenyewe nani anajua kusoma hesabu na nani anajua kusalimu wakubwa tu.

Pili, atakayepewa kazi hiyo asiwe na nyumba za kupangisha katika mji huo, wala hisa katika kampuni ya ujenzi. Mbwa hawekwi kulinda nyama.

Tatu, daftari libandikwe ukutani: namba ya nyumba, kodi yake, deni lake, na tarehe mpangaji alipoingia. Foleni ya waombaji iwe moja, nayo ibandikwe. Anayerukwa ajue amerukwa na kwa sababu gani. Kifungu cha 35 cha Katiba kinatupa haki ya habari, hatuombi fadhila.

Nne, fedha za kodi ziwekwe katika akaunti ya matengenezo peke yake, na ripoti ya mkaguzi isomwe mbele ya wapangaji, kwa lugha wanayoielewa.

Tano, hakuna nyumba ya umma ivunjwe kabla ya kila aliye ndani kupewa mkataba wa kurudi uliotiwa saini.

Sita, wapangaji wachague wenyewe watu wao wa kuketi katika bodi. Anayevujiwa ndiye ajuaye tundu lilipo.

Wataalamu wa kuahirisha watasema haya hayawezekani kwa sasa. Ndivyo walivyosema pia kuhusu vyama vingi: kwamba wakati haujafika, kwamba wananchi hawajakomaa. Waliotuambia hivyo mwanzoni mwa 1990 walikuwa wakifuta kifungu kwa mikono yao wenyewe kabla ya mwisho wa 1991. Hawakushawishika usiku mmoja; walibanwa.

Kwa hiyo, ndugu wa Katito, wa Pap Onditi, wa Sondu na wa Ahero, kikao cha wananchi kuhusu bajeti ya kaunti kinapoitishwa, msikiachie wapambe na wapiga makofi. Nendeni. Mwalimu achukue karatasi yake ya mshahara yenye makato. Mama aliyewahi kufukuzwa chumbani aende na barua aliyopewa, au aende bila barua kama hakupewa. Simameni, muulize kwa sauti: daftari liko wapi, kodi imekwenda wapi, na aliyeshika funguo aliteuliwa na nani?

Mkijibiwa, andikeni jibu na tarehe. Msipojibiwa, andikeni hivyo pia, kisha mrudi kikao kinachofuata mkiwa wengi zaidi.