Tezi dume: Si kila kinachofanana na saratani ni saratani

Kipimo cha damu cha PSA hakitoshi kusema mzee ana saratani ya tezi dume. Namba inaweza kupanda hata kwa maambukizi au uvimbe wa kawaida wa uzee. Anayetoa jibu ni daktari wa patholojia, anayetazama kwa hadubini vinyama vyembamba vilivyotolewa kwa sindano.

Na hapo ndipo penye mtego. Vitezi vilivyosinyaa kwa umri vinaweza kufanana na saratani. Vivyo hivyo vitezi vidogo vilivyojikusanya pamoja, yaani adenosisi, au kipande cha kifuko cha manii kilichonaswa na sindano. Hata TB ikiingia kwenye tezi huweza kuleta sura inayochanganya.

Tofauti iko kwenye ukuta. Kitezi salama kina tabaka mbili za seli, saratani hupoteza lile la nje. Shida ni kwamba kwenye adenosisi tabaka hilo huwa limekatikakatika. Hapo maabara huhitaji rangi maalumu za kulionyesha, na si kila maabara inazo.

Kwa Katavi, hili si jambo la vitabuni. Taasisi ya Saratani Ocean Road iko Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 1,000 kutoka Mpanda. Hospitali ya Kanda iko Mbeya, Bugando iko Mwanza. Mzee wa Karema au Inyonga aliyeuza ng'ombe apate nauli hana hela ya safari ya pili. Jibu la kwanza analipokea kama hukumu.

Na hukumu hiyo ni nzito. Tiba mojawapo ya saratani iliyosambaa ni kuondoa korodani ili kushusha homoni. Zikishatolewa, hazirudi.

Habari njema ni kwamba kinyama huhifadhiwa kwenye nta. Kinaweza kusafirishwa kikasomwe na mtaalamu wa pili bila mgonjwa kupanda basi. Kuuliza "jibu hili limesomwa na wangapi?" kabla ya upasuaji si kumdharau daktari.

Ila hiki kisiwe kisingizio cha kukwepa kupima. Saratani ikiitwa uvimbe wa kawaida, nayo inaua. Anayekojoa kwa shida aende hospitali mapema, akiwa bado ana muda wa kusubiri jibu la pili.