Barabara ni moja, bodaboda apite wapi?

Na Rehema Mwakasege

Uliza kwenye kijiwe chochote cha bodaboda kati ya Kibaha na Morogoro kama pikipiki ya cc 125 inafaa kwa safari ya barabara kuu. Utajibiwa papo hapo kwamba inafaa, na atatajwa mtu aliyetoka nayo Dar es Salaam akafika Iringa bila kushika spana. Siwabishii. Injini hizi ni ngumu, na ukizibadilishia oili kwa wakati, ambayo ni kama lita moja tu, zinakimbia kutwa nzima. Ninachobisha ni hili la kuhesabu kwamba kwa kuwa injini imefika, basi pikipiki inafaa.

Barabara zetu kuu, kwa sehemu kubwa, zina njia mbili tu, ya kwenda na ya kurudi. Mabasi na malori yamewekewa ukomo wa kilomita 80 kwa saa, na magari madogo yakishatoka kwenye makazi yanakimbia zaidi ya hapo. Pikipiki ya cc 125 yenye dereva na abiria, kwenye tambarare, itafika 80 au 85. Hapo mkono umeshakunja resi mpaka mwisho na injini haina tena cha kutoa.

Sasa weka mbele yake semitrela linalokwenda 70. Dereva analipita kwa 85, kwa hiyo tofauti yao ni kilomita 15 kwa saa, yaani kama mita 4 kwa sekunde. Tangu atoke nyuma ya lori mpaka arudi upande wake kwa usalama, inabidi alizidi kwa mita 50 hivi. Hiyo ni sekunde 12 akiwa upande usio wake. Katika muda huo yeye ametembea mita 280, na basi linalokuja kwa 80 limetembea zaidi ya mita 260. Anahitaji kuona lami tupu ya zaidi ya nusu kilomita kabla hajachomoka. Kwenye kona na miinuko ataiona wapi? Pikipiki kubwa inayoweza kufika 100 ingelimaliza lori hilo kwa sekunde 6 na kurudi zake. Tofauti ya injini ndogo na kubwa iko hapo, kwenye mwendo wa akiba.

Dereva mwenye busara atasema yeye hapiti lori, anajiendea na 60 zake pembeni. Vizuri, lakini sasa yeye ndiye anayepitwa. Basi likimpita karibu, upepo wake humsukuma kwanza nje ya lami, kisha humvuta ndani kuelekea matairi ya nyuma, naye yuko juu ya chombo kisichofika kilo 130. Angeweza kujiandaa kama angeliona linakuja. Tazameni usukani wa pikipiki nyingi za biashara: vioo vya pembeni vimeng'olewa ili zipenye kwenye foleni za mjini. Mjini kioo kinamkera. Kwenye barabara kuu ndicho kinachomwambia kwamba kuna tani kadhaa mgongoni kwake. Ukiniuliza jambo moja ambalo kila mwenye pikipiki anaweza kulifanya leo kabla ya jua kuzama, nitasema arudishe vioo.

Halafu kuna mzigo. Anayebeba mkaa hufunga magunia nyuma ya kiti, moja juu ya jingine, mpaka uzito wote unakaa nyuma ya tairi la nyuma. Tairi la mbele linakuwa jepesi, na jepesi maana yake usukani hausikii na breki ya mbele haina pa kung'ang'ania. Ukimfuata kwa gari utaona usukani unavyocheza kila anapogusa shimo. Mtu huyu hana haja ya basi ili aanguke.

Kwa hayo yote, msimamo wangu ni kwamba cc 125 haifai kusafirisha abiria kutoka wilaya hadi wilaya kwa barabara kuu, na usiku ndiyo kabisa. Lakini sikubaliani na wanaotaka zipigwe marufuku, wakitoa mifano ya wenzetu. Japani hairuhusu pikipiki isiyozidi cc 125 kwenye barabara zake za mwendo kasi. Nairobi, barabara ya juu ya kulipia ya kilomita 27 kutoka Mlolongo hadi Westlands haipokei bodaboda. Ni sawa, maana chini yake Mombasa Road ipo na bodaboda anapita. Kati ya Chalinze na Segera anayefukuzwa kwenye lami atakwenda wapi? Barabara kuu hiyo ndiyo njia ya kijiji. Ndiyo anayopita mjamzito kwenda zahanati saa nane za usiku, na anayempeleka ni kijana huyuhuyu wa cc 125. Kumfukuza ni kumfukuza na mama huyo.

Serikali imepanga kujenga barabara ya kulipia kutoka Kibaha hadi Chalinze na kuendelea Morogoro. Ikijengwa, bodaboda zisiingie humo, na nitaliunga mkono katazo hilo bila kusita. Malori na mabasi ya mikoani yabanwe yapite huko, si kuachiwa yakwepe ada kwa kurudi barabara ya zamani. Na kwingine ambako hakuna mpango kama huo, fedha za ukarabati zianze na mabega ya lami kwenye vijiji na kilomita chache nje ya kila kijiji, mapana ya kutosha pikipiki na baiskeli, yanayofagiliwa mchanga. Siku hizi bega likiwekwa linageuka maegesho ya malori. Trafiki wanaosimama pale kila siku wana uwezo wa kuyaondoa.