Nyumba inafuata maisha

Juma hili tuangalie nyumba tunamolala. Anayejua kuisoma ataona ndani yake historia ya Lubero.

Wazee wetu walijenga kwa miti, matete na udongo, paa likiwa la majani. Mama alikuwa na jiko lake. Wanaume walikuwa na kyaghanda, pale wageni walipopokelewa na maneno yalipokatwa. Kisha zikaja misioni, barabara na biashara. Nyumba ikapata pembe nne, majani yakaachia manjanja nafasi. Pesa ya kahawa, ya mboga na ya dhahabu ikageuka matofali ya kuchoma. Kule Butembo wafanyabiashara wakapandisha etaji: chini duka, juu makao. Hata kyaghanda ilitoka uani. Leo ni jina la ushirika wa Wanande mijini.

Vita navyo vimejenga kwa namna yake. Tangu mwezi wa kumi 2014, mauaji ya Beni yamesukuma watu kuelekea kwetu. Mwisho wa mwezi wa sita 2024 Kanyabayonga ikaanguka, na familia nyingi zikapanda na njia ya kaskazini. Wengi walipokelewa nyumbani kwa watu. Salon ikawa chumba cha kulala, jiko likapika kwa familia mbili, na uani pakasimama kijumba cha mbao. Mbao zina akili yake: zinajengwa upesi, zinabomolewa na kuhamishwa. Watu wa Goma wanalijua hilo tangu lava ya Nyiragongo, mwezi wa kwanza 2002.

Lakini nyumba ikibanwa, wa kwanza kuumia ni mama na msichana. Kwa hiyo, kabla ya kuongeza chumba, tufikiri mambo matatu.

Kwanza, choo. Kiwe na mlango unaofungwa kwa ndani, na njia isiyo ya giza. Ndoo ya kunawa tuliyoiweka mlangoni wakati wa Ebola, 2018 mpaka 2020, irudi mahali pake.

Pili, wasichana. Wasilale chumba kimoja na wageni wanaume, hata kama ni ndugu. Pazia si ukuta, ila ni afadhali kuliko hakuna.

Tatu, karatasi. Sheria ya mwaka 1973 inasema udongo ni wa Serikali. Sisi tunapewa haki ya kuutumia, na haki hiyo inaonyeshwa kwa karatasi. Tangu mwezi wa saba 2016, Code ya Familia iliyorekebishwa haimdai tena mke ruhusa ya mume ili asaini. Mama aliyebeba maji ya kukandia matofali, jina lake liandikwe pamoja na la baba, siku ileile ya kununua. Kungoja matanga ni kuchelewa.

Katika kikao cha juma hili, kila mama aulize: nyumbani kwangu, karatasi za parseli ziko wapi, na zina majina ya nani?