Kusafisha Chujio Mpaka Ling'ae Ndiko Kunakoua Vifaranga

Leo nina jambo ambalo huenda baadhi ya maafisa wenzangu wasilipende: vifo vya vifaranga vya samaki kwenye matanki si mara zote vinaletwa na uchafu. Mara nyingine vinaletwa na usafi uliofanywa bila maelezo, na sisi wataalamu tuna sehemu yetu ya lawama.

Mimi mwenyewe nimo. Nilimtembelea mama mmoja anayelea vifaranga vya kambale kwenye matanki mawili ya plastiki ya lita 1,000. Maji yake huzungushwa na pampu ndogo kupitia pipa lenye kokoto na sponji. Pipa lilikuwa limepasuka pembeni na sponji zimejaa utelezi wa kahawia. Nikamwambia, "Mama, chujio hili limechoka, weka jipya." Sikuongeza neno. Akanunua pipa, kokoto na sponji mpya, vya zamani akavitupa. Siku ya tano akanipigia simu: "Bwana samaki, chujio jipya, maji meupe kabisa, mbona vifaranga vinageuka matumbo juu?"

Ilibidi nimwambie ukweli, kwamba ushauri wangu ulikuwa nusu.

Ule utelezi wa kahawia tulioutupa ndio uliokuwa unafanya kazi. Samaki hutoa amonia, nyingi ikipitia kwenye mashavu, na chakula kinachooza chini ya tanki huongeza nyingine. Amonia ni sumu, na ukali wake huongezeka maji yakiwa ya moto na pH ikipanda. Ndani ya chujio wanaishi bakteria rafiki. Kundi la kwanza hubadili amonia kuwa nitraiti, ambayo nayo ni sumu. Kundi la pili hubadili nitraiti kuwa nitreti, ambayo samaki huivumilia kwa kiwango kikubwa zaidi. Bakteria hawa hawaelei sana kwenye maji. Wameshika kwenye kokoto, sponji na kuta za pipa. Ukitupa vitu hivyo umewatupa wao, na chujio jipya huchukua kama wiki 4 hadi 6 kupata bakteria wa kutosha. Vifaranga haviwezi kusubiri muda huo.

Kwa nini tunakosea? Naona tumechukua mafunzo ya banda la kuku tukayaleta kwenye tanki. Kwa kuku tunasema ondoa kila kitu, osha, puliza dawa, acha pakauke. Kwa banda ni sawa. Chujio la samaki ni kitu kingine, kwa sababu ndani yake kuna viumbe unaowafuga. Wanahitaji hewa, maji na chakula, na chakula chao ni hiyo amonia. Hakuna mfugaji anayechinja ng'ombe wake wote wa maziwa siku moja kwa sababu zizi limechakaa.

Kwa hiyo, unapotaka kubadilisha chujio, fanya hivi:

1. Kama la zamani bado linafanya kazi, funga jipya pembeni yake na uyaendeshe yote mawili kwa wiki 4 hadi 6. Bakteria watahamia wenyewe. Baada ya hapo ondoa la zamani.

2. Kama la zamani limeharibika kabisa, hamisha kokoto na sponji zake kuingia kwenye pipa jipya saa hiyo hiyo. Zibebe kwenye ndoo yenye maji ya tanki, zisikauke na zisikae juani.

3. Kama sponji zimechakaa, badilisha theluthi moja tu kwa wakati mmoja. Subiri angalau wiki mbili kabla ya theluthi nyingine.

4. Kuosha kupo, maana sponji iliyoziba hupunguza maji na hewa. Ila suuza kwenye ndoo ya maji uliyoyatoa kwenye tanki, kamua taratibu, rudisha. Usitumie sabuni, maji ya moto wala maji ya bomba yenye klorini. Klorini imewekwa kuua vijidudu, na haichagui.

5. Wiki ya kwanza punguza chakula hadi nusu. Chakula kidogo, amonia kidogo.

6. Umeme ukikatika kwa saa nyingi, maji yaliyotulia ndani ya chujio huishiwa hewa na bakteria hufa. Ukirudi, mwaga kwanza maji ya chujio kabla ya kuwasha pampu.

Kipimo cha amonia na nitraiti ni kitu cha kununua hata kama ni kwa kuchangia na majirani, kwa sababu maji meupe hayakuambii kitu. Wanaofuga kambale wawe makini zaidi. Kambale hupanda juu kuvuta hewa hata akiwa mzima, kwa hiyo dalili hiyo inaweza kukuchanganya. Angalia kama wamekataa chakula au wamelegea. Ukiona hivyo, badilisha theluthi ya maji kwa maji yasiyo na klorini na usilishe siku hiyo. Kama kipimo kinaonyesha nitraiti, chumvi kilo 1 kwa kila lita 1,000 husaidia kuizuia isiingie kwenye damu ya samaki.

Kuna wakati mmoja nakubali kutupa kila kitu: ugonjwa wa kuambukiza ukiwa umemaliza samaki. Hapo osha, weka dawa, kausha, anza upya, na usiingize vifaranga mpaka chujio likomae. Kwa sababu hiyo hiyo, usiazime sponji ya jirani kabla ya kujua kama samaki wake ni wazima.

Kwa wenzangu maafisa, ombi langu ni dogo. Tusimwambie mfugaji "safisha" au "badilisha" halafu tukapanda pikipiki tukaondoka. Tumwambie anaosha kwa maji gani, anabakiza nini, anasubiri muda gani. Sentensi tatu tu. Yule mama ameanza tena na vifaranga vichache, na safari hii hakuingiza hata kimoja mpaka kipimo kiliposoma sifuri. Hela ya mwanzo haikurudi.

Anayefuga samaki wa mapambo sebuleni, haya yote yanamhusu pia. Tanki lake ni dogo, hivyo sumu hujaa haraka zaidi.

Kazi njema.