Kiatu kipya cha zamani: kiminye kabla hujakivaa

Wiki hii nina neno na wazazi wenye vijana wanaokusanya raba, na vijana wenyewe, hasa ninyi wanafunzi mnaobana hela ya chakula ili mpate pea moja ya Jordan ya zamani.

Mtoto wa kaka yangu anasoma chuo hapa Dallas na usiku anafanya kazi ghalani. Mwaka jana alinunua Air Jordan 4 za toleo la 1999 kutoka kwa muuzaji wa mtandaoni. Boksi lake, karatasi zake, hata kamba hazijafungwa. “Shangazi, hivi havijawahi kukanyaga ardhi,” aliniambia, macho yanang'aa. Akavivaa kwenye harusi ya Wakenya kule Irving. Kabla pilau halijapakuliwa, sakafuni palikuwa na vipande vyeupe kama makombo ya mkate. Akiwa amebeba sinia kwenye ngazi, kisigino kikabanduka. Pilau lilimwagika, na kifundo cha mguu kikavimba. Wiki mbili hakwenda kazini, na kodi ya mwezi ule tulimchangia ndugu.

Watu wengi pale walisema ameuziwa feki. Hapana, vilikuwa halisi. Kilichomwangusha ni umri.

Soli ya raba nyingi ina sehemu mbili. Chini kuna mpira unaokanyaga ardhi. Juu yake kuna soli ya kati, ile nene inayofanya mguu usiumie, na kwenye viatu vingi vya miaka ya themanini na tisini imetengenezwa kwa poliyurethani. Povu hili lina adui mmoja, nao ni unyevu wa hewani. Maji kidogo kidogo hukata minyororo ya kemikali iliyolishikilia povu, na joto huharakisha kazi hiyo. Wataalamu huita haidrolisisi. Nje kiatu kinaweza kung'aa na ngozi ikawa nzima, kumbe ndani soli imekuwa unga. Kukaa ndani ya boksi hakusaidii, kwa sababu hewa inaingia. Kwa hiyo “havijavaliwa” si dhamana ya kitu. Swali la maana ni vilitengenezwa mwaka gani.

Hata mwenye jina lake yalimkuta. Machi 8, 1998, Michael Jordan alicheza Madison Square Garden, New York, akiwa amevaa Air Jordan 1 za mwanzoni mwa kazi yake, zaidi ya miaka kumi nyuma. Alifunga pointi 42, lakini viatu vilimbana na miguu ikatoka damu. Yeye alikuwa na daktari wa timu pembeni. Kijana wetu anayelipa matibabu kutoka mfukoni hana.

Sasa, kabla ya kununua au kuvaa, fanya hivi. Soma lebo iliyo ndani ya kiatu, mara nyingi ina tarehe ya kutengenezwa. Minya soli ya kati kwa kidole gumba pembeni. Ukiona nyufa ndogo, ukihisi inanata, au unga ukabaki kidoleni, kiatu hicho ni cha kabati la kioo tu. Kikishapita miaka kumi, usikivae mahali pa ngazi, wala ukiwa umebeba mtoto.

Vinaweza kufufuliwa? Ndiyo, na mafundi wapo. Hung'oa soli yote, husafisha gundi ya zamani kwa asetoni, kisha hubandika soli iliyotolewa kwenye pea mpya zaidi ya modeli hiyohiyo na saizi hiyohiyo. Hesabu kabla hujakubali: unalipia fundi na pea ya pili inayochinjwa. Na kiatu kikishabadilishwa soli, si halisi tena kwa wakusanyaji. Ukija kukiuza, mwambie mnunuzi. Kunyamaza ni kumwekea mwenzako mtego uleule.

Kijana akitaka kufanya mwenyewe, mzazi usimwachie chumbani. Asetoni hushika moto upesi na mvuke wake husafiri mpaka kwenye jiko la gesi. Baadhi ya gundi za viatu zina heksani, ambayo imewahi kuharibu neva za mikono na miguu ya mafundi viatu walioivuta kwa muda mrefu. Barakoa ya kitambaa haizuii mvuke. Kazi hiyo ifanyike nje, glavu mkononi, watoto wakiwa mbali.

Utunzaji nao una kanuni zake. Gereji na buti ya gari hapa Texas wakati wa kiangazi ni tanuri, na Houston unyevu ni kama wa Mombasa. Weka viatu ndani ya nyumba, mahali pakavu penye ubaridi.

Sasa niwaguse sote, hata msiojali Jordan. Poliyurethani imo pia kwenye buti za kazi, za kupanda milima na baadhi ya viatu vya ofisini. Sisi tuna desturi ya kuhifadhi viatu “vizuri” gerejini miaka mingi, kisha tunavifungia kwenye mzigo wa nyumbani. Babu anavipokea Tanga, anavitunza kwa ajili ya Idi au mazishi, na siku hiyo mbele za watu soli inamwagika. Wengi wenu mmewahi kuona buti la mtumba la Karume likipasuka siku ya kwanza, mkamlaumu muuzaji bure.

Kwa hiyo wikiendi hii, kabla hamjafunga mzigo, pitieni viatu pea kwa pea na minyeni kila soli. Kilichochoka kitupwe hukuhuku. Cha kumpa mzee kiwe kinachoweza kumfikisha msikitini au kanisani na kumrudisha nyumbani. Tukijaliwa, tukutane wiki ijayo.