Kodi ya Chumba na Hesabu ya Nyumba

Mfanyakazi wa mjini hulipwa mshahara wake kwa mwezi, lakini hutakiwa alipe kodi ya chumba kwa miezi sita. Katika jambo hilo moja imo sehemu kubwa ya ugomvi ulioko kati ya wapangaji na wenye nyumba katika miji yetu, na hasa hapa Dar es Salaam. Leo tunapenda kulitazama kwa pande zote mbili, kwa kuwa miongoni mwa wasomaji wetu wamo wapangaji na wamo wenye nyumba, na mara nyingine mtu mmoja huwa yote mawili: amepanga Tandika apate kuwa karibu na kazi yake, na huku anapangisha vyumba vitatu alivyojenga Chanika kwa akiba ya miaka mingi.

Na tufanye hesabu. Tangu Julai 2025 kima cha chini cha mshahara wa mtumishi wa umma kimekuwa shilingi 500,000 kwa mwezi, kutoka 370,000. Mtumishi huyo akipata chumba cha shilingi 50,000 ataambiwa atoe 300,000 kwa mkupuo, na juu yake 50,000 za dalali, ambaye kwa desturi huchukua kodi ya mwezi mmoja kwa kazi ya kuonyesha mlango. Jumla ni 350,000, yaani asilimia 70 ya mshahara wake kabla ya makato, naye bado hajanunua hata godoro. Kibarua na mchuuzi, wasiojua kesho watapata nini, hali yao ni nzito zaidi. Hao huenda kukopa, na riba ya mkopo huo huwa ni kodi ya pili ya chumba kile kile.

Ingekuwa rahisi kuishia hapo na kumwita kila mwenye nyumba mnyonyaji. Ni kweli kwamba Azimio la Arusha la 1967 lilimkataza kiongozi kuwa na nyumba ya kupangisha, sharti ambalo lililegezwa Zanzibar mwaka 1991. Lakini hata mwaka 1971, Serikali ilipotwaa majengo ya kupangisha, sheria iliyagusa yale yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000. Nyumba ndogo za ukumbi katikati na vyumba vitatu kila upande zilibaki mikononi mwa wenyewe. Tofauti hiyo ilikuwa na maana, na ingali nayo. Mwenye maghorofa si sawa na mjane anayelala chumba kimoja na kupangisha vitano ili apate kula.

Basi na tumtazame mjane huyo. Vyumba vitano vya shilingi 50,000, kwa miezi sita, humpatia 1,500,000. Fedha hizo humfikia kama mavuno, naye huzitumia kama mavuno: ada ya mtoto, deni la dukani, harusi ya ndugu, matofali ya kuanzia banda jingine. Mwezi wa tatu choo cha uani kinajaa na gari la majitaka linataka fedha taslimu. Mwezi wa nne masika inatafuta kila tundu la bati. Fedha hazipo, na hazitakuwapo mpaka miezi sita mingine ianze. Hapo ndipo maneno yanapoanza, mpangaji akisema amekwisha kulipa, mwenye nyumba akisema asiyeridhika ahame.

Kwa hiyo sisi hatuamini kwamba kodi ya miezi sita humsaidia mwenye nyumba kama anavyodhani. Kwa kweli ni mkopo aliopewa na mpangaji, tena bila riba, naye hana daftari la kumwambia umeishia wapi. Rai yetu ni kwamba kodi ipokelewe kila mwezi, na kati ya vyumba vitano kimoja kihesabiwe kuwa ni cha nyumba yenyewe. Kodi ya chumba hicho, shilingi 600,000 kwa mwaka, isiguswe ila kwa bati, choo, rangi, kodi ya Serikali, na ule mwezi ambao chumba hukaa wazi. Anayekula kodi yote ya vyumba vitano anaila nyumba.

Wenye nyumba watatujibu kwamba mpangaji wa mwezi kwa mwezi huweza kuhama usiku na kuacha deni. Hatukatai, wapo, na wanawaharibia wenzao. Lakini dawa ya hayo ni dhamana ya mwezi mmoja, iandikwe na irudishwe mtu anapoondoka salama, wala si kumfunga kila mtu miezi sita kwa kosa la wachache.

Umeme nao una lake. Bei zilizoanza Aprili 2016 zilimwekea mtumiaji mdogo wa nyumbani shilingi 100 kwa yuniti, ilimradi asizidi yuniti 75 kwa mwezi, na watumiaji wa kawaida wakawekewa 292. Nafuu hiyo ilikusudiwa kabwela. Lakini kabwela wa mjini hakai katika nyumba ya peke yake. Familia sita zinazotumia yuniti 20 kila moja, zikiwa na mita moja, huhesabiwa kuwa ni mtu mmoja anayetumia 120.

Na tangu Agosti 2021 kodi ya jengo hukatwa kwa njia ya LUKU. (Lugha yetu hutumia neno moja, kodi, kwa haki ya mwenye nyumba na kwa haki ya Serikali, na pengine ndiyo sababu watu wengi hawakuona ajabu yake.) Kwa nyumba ya kawaida ilianza kwa shilingi 1,000 kwa mwezi, na tangu 2023 ni 1,500. Kiasi ni kidogo, lakini mdaiwa ni mwenye jengo, na anayekatwa ni yule anayenunua umeme wa kwanza mwezini. Mpangaji mgeni akiingia katika nyumba iliyokaa miezi minne bila kununua umeme, deni lote humwangukia siku ya kwanza. Mwenye nyumba hana budi kuipunguza fedha hiyo katika kodi ya chumba, bila kungoja kuombwa.

Sheria ya kudhibiti kodi za nyumba ya 1984 ilifutwa mwaka 2005. Tangu hapo bei na masharti ni mapatano ya watu wawili, na wakishindwana huenda katika mabaraza ya ardhi na nyumba ya wilaya. Lakini baraza litaamua nini pasipo karatasi? Mabalozi wa nyumba kumi wangeweza kuanza mwezi huu, kila mmoja katika eneo lake, kushuhudia mapatano yenye nakala mbili yanayotaja kodi, dhamana, zamu ya umeme, nani anavuta choo, na kwamba zile 1,500 za LUKU zinarudishwa kwa aliyekatwa.